Jina Hufuata Jicho

Mwaka 1767 Carl Linnaeus, Mswidi aliyekwisha kuvipa viumbe maelfu majina ya maneno mawili mawili, alikuwa akikamilisha toleo la 12 la kitabu chake Systema Naturae. Mnazi ulikuwa na jina lake tayari, Cocos nucifera. Mwembe uliitwa Mangifera indica. Simba alikwisha kuwekwa jenasi moja na paka, akiitwa Felis leo, na binadamu mwenyewe, Homo sapiens, alikuwa amepangwa oda moja na kima, na hata na popo. Vilibaki vile viumbe vidogo vinavyoogelea ndani ya tone la maji, ambavyo watu walikuwa wakiviona kwa hadubini kwa miaka 90 hivi. Linnaeus alivipeleka mwisho kabisa wa kundi la minyoo, akavipa jenasi iliyoitwa Chaos, yaani vurugu.

Jina hilo lina uungwana wake. Linnaeus aliupenda mpangilio kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumzuia asibuni mafungu na matawi ili kitabu kionekane kimetimia. Aliacha vurugu iitwe vurugu.

Leo mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anafungua kitabu cha Biolojia na kukuta himaya 5 zimekwisha kupangwa: Monera, Protoctista, Fungi, Plantae, Animalia. Chini yake kuna ngazi za kukariri, kuanzia himaya, faila na ngeli hadi oda, familia, jenasi na spishi. Ni orodha nzuri, na kuikariri si dhambi. Tatizo ni kwamba inamfikia ikiwa imenyooka mno, kama kitu kilichoshushwa. Kumbe nyuma ya kila mstari yupo mtu aliyeinama akatazama, na mara nyingi akabomoa alichojenga aliyemtangulia. Anayepewa orodha bila kuonyeshwa kutazama kulikoizaa amepewa nusu tu ya somo, tena nusu iliyo nyepesi.

Turudi basi kwa watazamaji wenyewe.

Robert Hooke alichapisha Micrographia jijini London mwaka 1665. Kitabu hicho kina michoro mikubwa ya kiroboto na chawa iliyowashangaza wasomaji, lakini biolojia inakikumbuka zaidi kwa kipande cha gome la mti, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa. Hooke alilikata kwa kisu kikali hadi likawa jembamba kama ngozi, akaliweka chini ya hadubini, akaona vyumba vidogo vilivyobanana. Akavihesabu. Kwa hesabu yake, inchi moja ya urefu ilikuwa na vyumba zaidi ya 1,000, na inchi moja ya ujazo ilikuwa na zaidi ya milioni 1,200. Aliviita seli. Gome hilo lilikuwa limekufa zamani, kwa hiyo Hooke aliona kuta za nyumba ambazo wenyewe walikwisha kuhama. Neno ambalo sasa limebeba biolojia nzima lilianza kwa kutaja utupu.

Wenye nyumba walionekana Delft, Uholanzi, na aliyewaona hakuwa profesa. Antonie van Leeuwenhoek aliuza vitambaa. Hakujua Kilatini, lugha ya wasomi wa wakati huo, na barua zake kwa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, alizoanza kuziandika mwaka 1673, zilikuwa za Kiholanzi cha mtaani kwake. Hadubini zake zilikuwa na lenzi moja tu, kijidonge cha kioo kilichobanwa kati ya vibati viwili vya metali, na mtazamaji alilazimika kukisogeza karibu kugusa jicho. Iliyo bora kati ya zile zilizobaki hukuza takribani mara 270. Alizitengeneza kwa mamia, mwenyewe, kwa mikono yake.

Alichokuwa nacho zaidi ya lenzi ni udadisi usio na haya. Alitaka kujua ukali wa pilipili manga unatokana na nini. Akaziloweka punje zake ndani ya maji, akayaacha wiki kadhaa, na mwezi Aprili 1676 akachukua tone na kulitazama. Swali lake la ukali halikujibiwa. Badala yake aliona viumbe wengi wakienda huku na huku ndani ya maji hayo, baadhi yao wadogo kiasi kwamba leo wanasayansi wanakubaliana kuwa walikuwa bakteria. Barua yake ya Oktoba mwaka huo ilipofika London, wengi walisita kuamini. Leeuwenhoek akakusanya mashahidi, wakiwemo wachungaji wa makanisa, watazame na waandike walichokiona. Hatimaye, Novemba 1677, Hooke mwenyewe alifanikiwa kuwaonyesha wenzake wa London viumbe hao katika maji ya pilipili.

Kisa hicho cha mashahidi kingestahili kusimuliwa katika kila darasa la Biolojia. Hakuna aliyeambiwa aamini kwa sababu mzee fulani amesema. Ni kana kwamba muuza vitambaa aliwaambia mabwana wa London: njooni mtazame. Nao walipotazama, ubishi ukaisha.

Katika shule nyingi za Afrika Mashariki wito huo wa kutazama huanzia kwenye kitunguu. Mwalimu anapasua kitunguu maji, anachukua tabaka moja la ndani, na kwa kibanio anavuta ngozi laini inayong'aa kama nailoni. Anaitandaza juu ya slaidi yenye tone la maji, anadondosha tone la ayodini, kisha anashusha kifuniko cha kioo kwa kukiinamisha upande mmoja kwanza, ili hewa itoke. Hewa ikibaki, wanafunzi watachora viputo kwa bidii kubwa: miduara myeusi, mizito, iliyo kamilifu kupita kitu chochote kilicho hai. Mwalimu mzoefu huiona michoro hiyo kila mwaka, naye hana sababu ya kukasirika. Kutofautisha kiputo na seli ndiyo hatua ya kwanza ya kutazama kwa kweli.

Hewa ikitoka vizuri, kinachoonekana ni mistari ya seli ndefu zilizopangika kama matofali, kila moja ikiwa na sehemu ndogo ya milimita kwa urefu, na ndani yake doa la mviringo lililoiva rangi ya kahawia kwa ayodini. Doa hilo ni kiini. Mwaka 1831 Robert Brown, Mskoti aliyekuwa akichunguza seli za okidi, ndiye aliyelipa jina. Mwanafunzi makini atauliza kwa nini hakuna kloroplasti, zile chembe za kijani alizoziona kwenye mchoro wa seli ya mmea ukutani. Swali lake ni la haki kabisa. Kitunguu hukaa chini ya udongo, mwanga haufiki, na seli zake za hapo hazina kazi na kijani. Mchoro wa ukutani unaonyesha kila kitu ambacho seli ya mmea inaweza kuwa nacho. Slaidi inaonyesha seli hii, ya mmea huu, ya sehemu hii. Elimu ya viumbe hukua katika pengo lililopo kati ya mchoro na slaidi.

Kutoka doa la Brown hadi nadharia nzima ya seli hakukupita muda mrefu. Mwaka 1838 Matthias Schleiden alisema mimea imejengwa kwa seli, na mwaka uliofuata Theodor Schwann akasema wanyama nao vivyo hivyo. Hata hivyo, seli mpya zilitoka wapi? Schleiden alidhani zinaganda zenyewe kutoka kwenye majimaji, kama fuwele. Alikosea, na Robert Remak, aliyezitazama seli za viinitete zikigawanyika, alikuwa miongoni mwa waliolionyesha kosa hilo. Mwaka 1855 Rudolf Virchow akalifupisha jibu: kila seli hutoka katika seli. Mtu akilitafakari jibu hilo polepole, linatisha kwa uzuri. Kila mtu aliyewahi kutembea duniani alianza kama seli moja, yai lenye kipenyo cha takribani sehemu ya kumi ya milimita, linaloonekana kwa shida kwa macho matupu. Yai hilo lilitoka katika seli ya mama, na ya mama ikatoka katika ya bibi, na kadhalika bila mnyororo kukatika hata mara moja, hadi zama ambazo hakukuwa na mtu wala mnyama wa kuitwa jina.

Sehemu ambako hadubini imefanya kazi nyingi zaidi katika nchi zetu si darasani, ni maabara ya zahanati. Mgonjwa ana homa. Kidole kinachomwa, tone la damu linawekwa kwenye slaidi. Mtaalamu wa maabara huandaa matone ya aina mbili. Tone nene huachwa likauke, na dawa ya rangi ya Giemsa inapomwagwa, seli nyekundu zinapasuka na kuacha vimelea vikionekana. Hilo ni la kutafutia. Tone jembamba husambazwa, likakazwa kwa methanoli ili seli zibaki nzima. Hilo ni la kutambulia spishi. Kisha mafuta kidogo juu ya slaidi, lenzi ya mara 100, lenzi ya jicho ya mara 10, na kazi inaanza: kutafuta kijiduara cha samawati chenye nukta nyekundu, mfano wa pete yenye kito. Haandiki kwamba hakuna vimelea mpaka awe amepitia angalau maeneo 100 ya slaidi. Akikuta umbo lililopinda kama ndizi, anajua ni Plasmodium falciparum, spishi inayosababisha sehemu kubwa kabisa ya malaria barani Afrika. Vipimo vya haraka vya kidole siku hizi vimempunguzia mzigo, ila haviwezi kumhesabia vimelea, na kwa mgonjwa aliyelazwa hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha kama dawa inafanya kazi.

Mtaalamu huyo anafanya uainishaji wa viumbe kila asubuhi, na makosa yake yana gharama kubwa kuliko ya mwanafunzi kwenye mtihani. Haifai kusahau hilo pale somo la spishi na jenasi linapoonekana kavu.

Kimelea chenyewe kimewasumbua wapanga majina tangu siku kilipoonekana. Tarehe 6 Novemba 1880, katika hospitali ya jeshi mjini Constantine, Algeria, daktari Mfaransa Alphonse Laveran alikuwa akitazama damu mbichi ya askari mgonjwa, isiyotiwa rangi. Aliona duara likitoa nyuzi zinazochapa kama mijeledi, akajua papo hapo kwamba kitu hicho ki hai. Wenzake waliokuwa wakitafuta bakteria wa malaria walichukua miaka kumwamini. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1907. Yeye alikiita Oscillaria malariae. Mwaka 1885 Waitaliano Ettore Marchiafava na Angelo Celli wakakipa jina tulilobaki nalo, Plasmodium. Kwa muda mrefu kilihesabiwa katika wanyama wadogo wa seli moja, kwa kuwa hakina kijani wala hakijitengenezei chakula, kisha kikahamishiwa Protoctista.

Halafu, katika miaka ya 1990, watafiti wakagundua jambo ambalo hakuna aliyetarajia. Ndani ya Plasmodium mna kijiungo kilichozungukwa na tando 4, chenye DNA yake, na DNA hiyo ina undugu na ile ya kloroplasti. Kimelea kinachoishi gizani, ndani ya seli za damu ya mtu, kimebeba mabaki ya kiwanda cha kutengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mababu zake walimeza mwani mwekundu zamani mno, wakaishi nao, na hata baada ya kuacha kutumia mwanga wakabaki na sehemu yake, kwa sababu bado inawatengenezea kemikali wasizoweza kukosa. Doksisaiklini, dawa ya bakteria ambayo wasafiri humeza kujikinga na malaria, hushambulia hicho kijiungo.

Wazo kwamba seli moja inaweza kumeza nyingine na kuifanya sehemu ya mwili wake lilitetewa kwa nguvu na Lynn Margulis wa Marekani kuanzia mwaka 1967, wakati ambapo wengi waliliona la ajabu. Sasa limo katika vitabu: mitokondria zilikuwa bakteria wanaojitegemea, kloroplasti vilevile. Hapo ngazi za mwanafunzi zinaanza kuyumba, kwani matawi ya mti wa uhai hayaachani tu. Mengine yaliwahi kuungana.

Uyoga nao ulihamishwa. Unakaa mahali pamoja, unachipua baada ya mvua, sokoni unauzwa pembeni ya mchicha, na kwa karne nyingi wanabotania waliuweka kwenye mimea bila wasiwasi. Hadubini na kemia zikaleta ushahidi mwingine. Hauna kloroplasti. Kuta za seli zake zina kaitini, dutu ileile iliyo katika gamba la kaa na mbawa za mende. Akiba yake ya chakula huihifadhi kama glikojeni, sawa na ini la binadamu. Mwaka 1969 Robert Whittaker aliupa uyoga na jamaa zake himaya yao katika mpango wake wa himaya 5, ule ambao mwanafunzi anaukariri, na uchunguzi wa jeni ukaja kuonyesha kwamba wao wako karibu na wanyama kuliko na mimea. Mpango wa Whittaker wenyewe haukukaa muda. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox, wakilinganisha molekuli za bakteria, walikuta kundi zima lisilofanana na bakteria wengine, ambalo sasa linaitwa arkea, ingawa kwa hadubini ya mwanga huwezi kuwatofautisha. Himaya ya Monera ikapasuka katikati.

Inafaa kukaa kidogo kwenye maneno hayo: kwa hadubini huwezi. Ernst Abbe alionyesha mwaka 1873 kwamba mwanga wenyewe una kikomo. Vitu viwili vilivyo karibu kuliko takribani sehemu ya elfu tano ya milimita huonekana kama kimoja, hata lenzi ing'arishwe vipi. Ernst Ruska na Max Knoll walikivuka kikomo hicho kwa kuachana na mwanga na kutumia elektroni, wakianzia Berlin mwaka 1931. Siku hizi jicho la uainishaji limekuwa jeni.

Hata hivyo jeni halikuanza peke yake, na kisa cha kipunji kinalionyesha hilo vizuri. Wanyakyusa wa vijiji vya kando ya Mlima Rungwe, kusini mwa Tanzania, walikuwa na habari za kima mwenye haya, anayekaa juu mitini, waliyemwita kipunji. Watafiti waliowasikiliza hawakuwa na hakika mwanzoni kama anayesimuliwa ni mnyama au ni kiumbe wa hadithi. Mwaka 2003 wakamwona. Mwaka uliofuata watafiti wengine, bila kujua habari za Rungwe, wakamwona pia katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, umbali wa mamia ya kilomita. Mwaka 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya, akawekwa jenasi ya kima waitwao mangabe, Lophocebus, kwa kuwa sura yake ilifanana nao. Ushahidi mkuu ulikuwa picha. Kisha kijana mmoja wa kima hao akakutwa amekufa katika mtego shambani, na mwili wake ukawapa wanasayansi kitu cha kupima. Fuvu lilielekea kwa mangabe. DNA ikaelekea kwa nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima hai barani Afrika tangu mwaka 1923. Sehemu ya pili ya jina lake haikubadilika. Rungwecebus kipunji anaitwa sasa katika majarida ya dunia nzima, na neno la mwisho ni la Wanyakyusa.

Milima ya Usambara imeona kinyume chake. Mnamo 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani mmea mdogo wenye maua ya zambarau. Hermann Wendland akauita Saintpaulia mwaka 1893, na kwa jina hilo ukauzwa katika maduka ya maua ulimwenguni kote. Uchunguzi wa jeni ulionyesha kwamba haukustahili jenasi ya peke yake, na baadaye ukaingizwa rasmi katika Streptocarpus. Jina la mtawala limetoka kwenye jenasi. Ua linachanua vilevile, katika miamba yenye unyevu ambako lilikuwa likichanua kabla hajafika.

Zipo shule ambazo hadubini ni moja kwa mamia ya wanafunzi, imefungiwa kabatini kwa kuhofiwa kuvunjika, na zipo ambazo haipo kabisa. Huo ni upungufu wa kweli, na kuuzoea ni kosa. Lakini historia iliyoelezwa hapa ina kitu cha kufanya wakati kifaa bado hakijafika. Katika dibaji ya Micrographia Hooke aliandika jinsi ya kutengeneza lenzi rahisi: vuta kioo katika mwali wa moto mpaka kiwe uzi, kisha rudisha ncha ya uzi huo motoni mpaka ijikunje kuwa shanga ya mviringo. Shanga yenye kipenyo cha milimita 2 hukuza takribani mara 160. Hadubini ya karatasi iitwayo Foldscope, iliyobuniwa na Manu Prakash na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford na kutangazwa mwaka 2014, inatumia lenzi ndogo ya namna hiyohiyo.

Mwalimu mwenye kichomeo, kipande cha mrija wa kioo na kadi yenye tundu anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake kiini cha seli ya kitunguu. Anaweza pia kuchota maji ya kijani kwenye dimbwi lililosimama nyuma ya shule. Humo kuna uwezekano mkubwa wa kumkuta Euglena, kiumbe wa seli moja, mwenye kloroplasti kama jani, anayeogelea kwa mjeledi kama mnyama, na mwenye doa jekundu linalomsaidia kuufuata mwanga. Wanabotania waliwahi kumweka kwenye vitabu vyao, na wanazuolojia kwenye vyao, wakati mmoja. Wanafunzi wamtazame kwa zamu, wamchore, na kabla hawajafungua kitabu waulizwe wamweke wapi, kila mmoja akitaja alichokiona kinachomfanya aseme hivyo.